Baba Yake Mfalme Duncan: Abate Mlei wa Dunkeld na Urithi wa Kiti cha Enzi cha Uskochi

Wanafunzi wa kozi ya tafsiri katika idara yetu husoma Makbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1968. Katika somo moja mwanafunzi aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelitarajia: "Mwalimu, tunajua kuwa Duncan ndiye baba wa Malcolm na Donalbain. Je, Duncan mwenyewe ni mwana wa nani?" Katika tamthilia jibu halimo. Tulipolitafuta katika vitabu vya historia tulikuta kwamba baba yake alikuwa Crínán, abate wa Dunkeld, aliyekuwa na mke na watoto na aliyeuawa vitani mwaka 1045. Tulipolirudisha jibu hilo darasani, swali la pili likazuka papo hapo: "Abate anaoaje?"

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo mawili pamoja. Tumeona yafaa kuyaweka katika jarida letu kwa sababu ndani yake mna somo la historia, somo la tafsiri na, kama tutakavyoona, hata somo la ngeli.

Neno "abate" na tatizo lake

Katika Kiswahili neno abate limetufikia kupitia Kanisa Katoliki. Wengi wetu tunapolisikia tunafikiria abasia za Wabenedikto za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania, ambako abate ni mtawa aliyeweka nadhiri, haoi, hamiliki mali yake binafsi, na huchaguliwa na watawa wenzake ili awaongoze. Kwa maana hiyo, abate mwenye mke na jeshi ni kitu kisichoingia akilini.

Hata hivyo, katika Ulaya ya kati ya karne ya 8 na ya 12 palikuwa na watu wengi walioitwa maabate bila kuwa watawa wala mapadre. Monasteri zilikuwa na ardhi kubwa, mifugo, wapangaji waliolipa kodi, na wakati mwingine watu wa kupigana. Mali ya namna hiyo haikuachwa bila mwenyewe. Wafalme waliwapa watu wa ukoo wao au makabaila waliowaunga mkono cheo cha abate ili wafaidi mapato, huku kazi ya sala ikiachiwa watawa wenyewe chini ya mkuu wao wa ndani. Hugh Capet, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa mwaka 987 na ambaye nasaba yake ilitawala huko kwa karne nyingi, alikuwa abate wa aina hiyo katika monasteri kadhaa kubwa, pamoja na ile ya Mtakatifu Martin mjini Tours.

Huko Ayalandi na Uskochi jambo hili lilikuwa na sura yake. Kwa Kigaeli, mkuu wa monasteri aliitwa mara nyingi comarba, maana yake mrithi, yaani mrithi wa mtakatifu aliyeianzisha monasteri. Mahali pengi urithi huo ulikuja kushikwa na ukoo mmoja, baba akimwachia mwana au mjomba akimwachia mpwa. Mjini Armagh, makao makuu ya Kanisa la Ayalandi, ukoo mmoja ulishika cheo hicho kwa vizazi kadhaa hadi mwanzoni mwa karne ya 12, na wengi wao walikuwa walei wenye wake. Lugha ya Kigaeli imehifadhi ushahidi huo mpaka leo. Jina la ukoo la Macnab linatokana na maneno yenye maana ya mwana wa abate, na MacTaggart ni mwana wa padre.

Tutamwitaje basi mtu huyu kwa Kiswahili? Wanafunzi wetu walipendekeza "abate wa kawaida", lakini usemi huo unamaanisha kinyume cha kinachotakiwa, kwani huyu hasa si abate wa kawaida. Sisi tunapendekeza abate mlei. Neno mlei limekwisha kuzoeleka makanisani kwa maana ya muumini asiye padre wala mtawa, na likiungana na abate linamshtua msomaji kidogo, jambo ambalo ni jema, kwa sababu cheo chenyewe kina mgongano ndani yake. Katika kufafanua tunaweza kutumia pia neno wakfu. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba mali ya wakfu ina msimamizi, na kwamba usimamizi huo unaweza kubaki katika familia moja kwa miaka mingi. Abate mlei alikuwa karibu na msimamizi wa wakfu aliyegeuka kuwa mwinyi wa nchi nzima inayouzunguka.

Dunkeld ilikuwa nini

Dunkeld ni mji mdogo kando ya mto Tay, katika eneo la Perthshire. Umuhimu wake ulitokana na Mtakatifu Columba, mtawa kutoka Ayalandi aliyeanzisha monasteri katika kisiwa cha Iona mwaka 563 na kufa huko mwaka 597. Baada ya miaka mia mbili Iona ilianza kushambuliwa na Waviking. Katika shambulio la mwaka 806 waliuawa watu 68 wa monasteri hiyo. Kisiwa kikawa si mahali pa salama pa kutunzia masalia ya mtakatifu. Karibu na mwaka 849 mfalme Kenneth mwana wa Alpin alihamishia sehemu ya masalia hayo katika kanisa alilolijenga Dunkeld, ndani ya bara.

Tangu hapo aliyeishika Dunkeld alishika vitu vitatu kwa pamoja: heshima ya Columba, ardhi nyingi ya Kanisa, na njia kuu ya kupita kutoka nyanda za chini kuingia milimani. Si ajabu kwamba mabwana wake waliingia katika ugomvi wa ufalme. Mwaka 965, miaka themanini kabla ya kifo cha Crínán, abate mwingine wa Dunkeld aliyeitwa Dúnchad aliuawa vitani, katika mapigano kati ya wagombea wawili wa kiti cha enzi, Dub na Cuilén. Kwa hiyo Crínán hakuwa wa kwanza. Alirithi cheo ambacho mwenye nacho alitazamiwa kuwa na upande katika siasa.

Ufalme ulirithiwaje?

Wasomaji wengi wa tamthilia hudhani kuwa mfalme alipokufa mwanawe wa kwanza alikaa mahali pake. Katika Uskochi ya karne ya 10 haikuwa hivyo. Mfalme alitakiwa awe mwanamume mtu mzima, mwenye uwezo wa kuongoza vita, aliyetokana na mfalme wa zamani kwa upande wa baba. Wenye sifa hizo walikuwa wengi: ndugu, wana wa ndugu, binamu. Aliyetazamiwa kumfuata mfalme aliitwa kwa Kigaeli tánaise, neno lenye maana ya wa pili.

Kwa muda mrefu kiti cha enzi kilipokezanwa kati ya matawi mawili ya uzao wa Kenneth mwana wa Alpin, tawi la mwanawe Constantine na tawi la mwanawe Áed. Utaratibu huu ulizuia nchi isitawaliwe na mtoto mdogo. Hasara yake ni kwamba kila mfalme alikuwa na binamu aliyekuwa akimsubiri afe, na wengine hawakuwa na subira. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa mafahali walikuwa zaidi ya wawili. Kati ya mwaka 995 na 1005 wafalme watatu mfululizo waliuawa: Kenneth II, Constantine III na Kenneth III. Aliyemwondoa huyo wa mwisho ni Malcolm II, mwana wa Kenneth II. Alitawala miaka 29, muda mrefu mno kwa nyakati zile.

Malcolm II alikuwa na shida moja. Hakuwa na mwana wa kiume wa kumrithi. Alikuwa na mabinti, na mmoja wao, Bethóc, aliozwa kwa Crínán, abate wa Dunkeld.

Ndoa iliyobadili ufalme

Hebu tuitazame ndoa hiyo kwa macho ya mfalme. Akimwoza binti kwa mtu wa tawi pinzani, anampa mpinzani wake silaha. Akimwoza kwa mwenye Dunkeld, anapata mkwe mwenye ardhi, watu na baraka za Columba, lakini ambaye hakuweza yeye mwenyewe kudai ufalme kwa urahisi. Mdai angekuwa mtoto atakayezaliwa, na mtoto huyo angekuwa damu ya Malcolm.

Ndivyo ilivyotokea. Bethóc alimzaa Duncan, ambaye kwa Kigaeli aliitwa Donnchad mac Crínáin. Neno mac ni sawa na bin yetu, kwa hiyo tungeweza kusema Duncan bin Crínán. Ndani ya jina hilo mna tatizo lote la kisiasa. Kwa desturi ya nchi mtu alidai ufalme kwa kuonyesha majina ya mababa zake mpaka kumfikia mfalme. Duncan akianza kuhesabu hivyo anafika kwa abate, hafiki kwa mfalme. Ili afike kwa mfalme lazima apitie kwa mama.

Malcolm II aliijua hatari hiyo na akaanza kusafisha njia. Mwaka 1033, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliamuru auawe mwanamume mmoja wa uzao wa Boite mwana wa Kenneth, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa wa ukoo wa yule Kenneth III aliyeuawa mwaka 1005. Mtu huyo alikuwa na kile ambacho Duncan hakuwa nacho, yaani nasaba ya kiume isiyokatika. Lakini Boite alikuwa pia na binti, Gruoch, na huyo aliachwa hai. Gruoch alikuwa mjane wa mtawala wa Moray, na mume wake wa pili alikuwa Macbeth.

Tukifika hapa tunaweza kuiona tamthilia kwa jicho jingine. Mwanamke ambaye Shakespeare humwita tu kwa jina la mumewe alikuwa na madai yake mwenyewe, na alikuwa na damu ya kulipiza.

Malcolm II alikufa tarehe 25 Novemba 1034 huko Glamis, na Duncan akatawazwa. Mzee mwenye mvi tunayemwona jukwaani hakuwa yeye. Kumbukumbu za Ayalandi zinasema alikufa angali kijana na kwamba waliomuua walikuwa watu wake mwenyewe. Alijaribu kuuteka mji wa Durham, Uingereza ya kaskazini, akashindwa vibaya. Kisha akaenda kaskazini Moray na akauawa mwezi Agosti 1040 karibu na Elgin. Aliuawa katika vita, hakuuawa kitandani akiwa mgeni. Macbeth akawa mfalme, akatawala miaka 17, na mwaka 1050 alikuwa na utulivu wa kutosha kwenda kuhiji Roma.

Mwaka 1045

Crínán alikuwa bado hai. Mwanawe ameuawa, wajukuu zake Malcolm na Donald ni wadogo mno kupigana, na ufalme uko mikononi mwa mtu mwingine. Kwa miaka mitano kumbukumbu hazisemi lolote juu yake. Kisha, chini ya mwaka 1045, zinaeleza kwa maneno machache kwamba palikuwa na vita kati ya Waskochi wenyewe kwa wenyewe, na kwamba Crínán abate wa Dunkeld aliuawa humo. Moja ya kumbukumbu hizo inaongeza kuwa alikufa pamoja na wapiganaji 180. Jina la Macbeth halikuandikwa pale, lakini wanahistoria wengi huona kwamba vita hivyo vilipiganwa dhidi yake, na kwamba babu huyo alikuwa akipigania haki ya wajukuu zake.

Kwa wakati ule ilionekana ameshindwa. Lakini mwaka 1054 Siward, mtawala wa Northumbria, aliivamia Uskochi, na tarehe 15 Agosti 1057 Malcolm mwana wa Duncan alimuua Macbeth huko Lumphanan. Lulach, mwana wa Gruoch kwa mume wake wa kwanza, alitawala miezi michache akauawa Machi 1058. Malcolm III akawa mfalme, na uzao wake ukaendelea kushika ufalme hadi kifo cha Alexander III mwaka 1286 na cha mjukuu wake Margaret mwaka 1290. Wanahistoria huuita ukoo huo nasaba ya Dunkeld, kwa jina la monasteri ya yule babu.

Malcolm III alimwoa Margaret, malkia aliyesifika kwa kulirekebisha Kanisa la Uskochi na ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu. Hata hivyo mwana wao mmoja, Ethelred, alikuwa abate mlei wa Dunkeld, kama babu wa baba yake.

Jinsi abate alivyopotea

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu: kwa nini Crínán hayumo katika tamthilia? Sehemu kubwa ya jibu ni kosa la lugha.

Katika Kigaeli, kutokana na neno abb, yaani abate, liliundwa neno abdaine, lenye maana ya cheo cha abate na ardhi iliyo chini yake. Kwa Kiswahili tungesema uabate. Katika karne ya 14 mwandishi wa historia John of Fordun, aliyeandika kwa Kilatini, alilikuta neno hilo likiwa na umbo la "abthane". Katika Uskochi ya wakati wake palikuwa na cheo cha "thane", yaani mtu aliyesimamia ardhi kwa niaba ya mfalme. Fordun akadhani abthane ni thane wa juu kuliko wengine, mkuu wa mathane wote na mkusanyaji wa mapato ya mfalme. Hivyo Crínán akawa abthane wa Dull, ofisa wa serikali.

Kwa lugha ya darasani, Fordun alilichukua neno la ngeli ya U akaliweka katika ngeli ya A-WA. Ni kama mgeni anayesikia "ufalme umefika" akauliza huyo Ufalme ni nani na amefikia nyumba gani.

Kosa hilo halikukomea hapo. Hector Boece, aliyechapisha historia yake mwaka 1527, aliendelea na mkondo huo huo. Kitabu cha Holinshed, ambacho Shakespeare alikitumia, kinamwita "Abbanath Crinen", thane wa visiwa na pande za magharibi. Yaani cheo cha abate kimegeuka kuwa kama jina la kwanza la mtu, na Dunkeld imetoweka kabisa. Shakespeare alipokifungua kitabu hicho hakumkuta abate. Alikuta kabaila mmoja asiye na habari, akamwacha. Baba wa Macbeth alibahatika zaidi, maana anatajwa mara moja kwa jina la Sinel, ingawa nalo ni jina lililoharibika la Findláech.

Nafasi ya babu wa kifalme akapewa Banquo, ambaye ni mtu wa kubuniwa. Katika tamthilia Banquo ndiye shina la wafalme watakaokuja, ili kumfurahisha mfalme James aliyetawala Uskochi na, tangu 1603, Uingereza pia. Lakini James alitokana kwa kweli na Crínán, kupitia kwa Malcolm III, mwanawe David I, kisha Robert Bruce na wafalme wa ukoo wa Stewart. Mara kadhaa katika mlolongo huo haki ilipita kwa mwanamke: Isabel aliyeolewa katika ukoo wa Bruce, Marjorie binti wa Robert Bruce, na Mary, mama yake James. Njia hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwa Bethóc.

Kwa walimu na wanafunzi

Kutokana na haya tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaofundisha Makbeth au kozi ya tafsiri.

Kwanza, cheo cha kigeni kisitafsiriwe kabla ya kuuliza mwenye cheo alikuwa akifanya nini. Kamusi itatupa "abate", lakini haitatuambia kama anaoa au anabeba upanga. Pale ambapo neno moja halitoshi, sifa kama mlei, au maelezo mafupi katika utangulizi, yatamsaidia msomaji.

Pili, majina ya watu yana habari ndani yake. Malcolm, kwa Kigaeli Máel Coluim, maana yake ni mtumishi wa Columba. Macbeth, ingawa linaanza na mac, halimtaji baba yeyote. Maana yake ni mwana wa uhai. Mwanafunzi akijua hivyo hatadhani tena kuwa ni jina la ukoo.

Tatu, tusiwaache wanafunzi waamini kuwa tamthilia ni historia, wala tusiibeze tamthilia kwa kuwa si historia. Waoneshwe mahali zinapoachana na waulizwe kwa nini.

Kwa mjadala wa darasani tunaacha maswali haya. Je, Duncan alikuwa na haki zaidi ya Macbeth kwa desturi ya nchi yao, si kwa desturi ya tamthilia? Kama ungekuwa unaandika utangulizi wa toleo jipya la Makbeth, ungemtaja Crínán kwa cheo gani? Je, katika lugha yako ya kwanza kuna neno la cheo ambalo Kiswahili kimelipokea kwa maana iliyopinda? Tutafurahi kupokea majibu kutoka kwa wanafunzi na walimu, na yale mazuri tutayachapisha katika toleo lijalo.